Somo, ulimi wangu umenigombanisha na jiko la mama

Shikamoo Somo,

Nakuandikia kutoka Lyon, Ufaransa. Ni saa tano usiku, nimetoka kula peke yangu kwenye mgahawa mmoja ng'ambo ya mto, nimelipa euro 38, na badala ya kulala nimekaa nawaza mambo ya Tanga.

Nina miaka 33, mzaliwa wa Ngamiani. Nilikuja huku 2017 kusoma uhasibu, nikamaliza, nikapata kazi kwenye kampuni ya usafirishaji. Ndiyo inayonilisha na ndiyo iliyonipa kibali cha kuishi. Sina mume wala mtoto. Nina mama na wadogo wawili, na kila mwisho wa mwezi kuna kitu natuma.

Miaka miwili ya mwanzo sikula chochote cha Kifaransa zaidi ya mkate. Nilipika wali na maharage chumbani, naogopa bei, naogopa nguruwe, naogopa mhudumu asije akaniuliza swali nisilolielewa. Kisha mwenzangu wa kazini, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akanishika mkono siku moja mchana akanipeleka kwenye bouchon, ile migahawa midogo ya kienyeji ya hapa, meza zimebanana na vitambaa ni vya drafti. Akaniagizia quenelle. Ni samaki wa mtoni aliyesagwa, akachanganywa na mayai, unga na siagi, akaokwa mpaka akafura kama mto wa kulalia, amelazwa kwenye mchuzi wa kamba wa mtoni. Somo, nilitia kijiko kikazama kama kwenye povu. Nikanyamaza. Yule mama akacheka, akasema, "Haya, sasa ndiyo umefika Lyon."

Tangu hapo sijatulia. Nilianza na daftari, kisha nikaanza kurekodi sauti kwa Kiswahili, dakika tano tano: nimekula nini, kimepikwaje, kimenigharimu kiasi gani, na kama pesa yangu imekwenda kwa haki. Niliwatumia wadogo zangu, wao wakawatumia rafiki zao. Leo wananisikiliza watu wa Tanga, Mombasa na Muscat, hata Wakomoro wa Marseille, ambao nusu ya Kiswahili changu wanaielewa na nusu wanaicheka.

Mwezi Machi mhariri wa kitabu kimoja cha mwongozo wa migahawa ya hapa mjini akanitafuta. Anataka niwaandikie. Malipo ni euro 60 kwa makala, na chakula wanarudisha kwa risiti. Nilikwenda kwenye kikao nimevaa koti langu zuri. Akafungua orodha: Wasenegali wawili, Mwethiopia, Wakomoro, Waalgeria, Mvietinamu. Nikauliza, "Na bouchon?" Akaniuliza, kwa upole tu, kama ninakula nguruwe. Nikasema hapana. Mvinyo? Hapana. Akafungua viganja vyake vyote viwili juu ya meza, kama mtu anayekuonyesha kwamba hana kitu mkononi. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ameniambia pia kwamba nikifanya vizuri huenda baadaye wakanipa kazi zaidi, na mimi nimeshaanza kuwaza kuacha uhasibu.

Hapa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Februari nilikula samaki mwenye mchuzi wa siagi uliopikwa na mvinyo mweupe. Mhudumu aliniambia kabla sijaagiza. Nikajisemea kwamba moto umeshaimaliza pombe. Nilikula mpaka nikafuta sahani kwa mkate. Usiku nikasimama kuswali Isha nikijiona kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Sasa mama. Mama yangu ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, matanga, watu wa Tanga wanamjua. Novemba nilirudi nyumbani kwa wiki tatu kwenye harusi ya binamu yangu, na mama ndiye aliyepika pilau, kilo arobaini za mchele, usiku kucha kwenye mafiga, kanga kichwani, macho mekundu kwa moshi. Niliporudi Lyon nikarekodi. Nilisema sisi watu wa pwani tunaiogopa nyama, tunaizika kwenye bizari isiseme kitu, Wafaransa wanaiacha izungumze. Nikasema nyama ya pilau niliyokula nyumbani ilipikwa mara mbili: ya kwanza ikafa, ya pili ikazikwa. Niliiona kauli nzuri. Watu walicheka sana. Sikumtaja mama, lakini Tanga nzima inajua nilikula pilau ya nani.

Mwezi uliofuata mama alikwenda kupika shughuli mtaa wa Makorora. Mwenye shughuli akamwambia mbele ya wapishi wenzake, "Leo nyama usiizike, mwanao atatusikia." Wakaangua kicheko. Haya nimeyapata kwa mdogo wangu. Mama mwenyewe hajasema neno. Nikipiga anapokea, ananiuliza baridi ikoje, anasema sawa mwanangu. Ila alikuwa na kawaida ya kunitumia bizari ya pilau kila miezi miwili kwa mtu anayesafiri, amezikaanga na kuzitwanga mwenyewe, amezifunga kwenye kipande cha kanga mafundo mawili. Tangu Novemba hakijafika hata kifundo kimoja.

Na kinachonikera, Somo, ni kwamba nyama ile kweli ilikuwa ngumu.

Nifanyeje? Niingie kwenye kazi hii au nibaki na hesabu zangu? Nikubali hiyo orodha ya "vyakula vya wageni"? Nile nisivyokula ili nisifungiwe mlango? Na nitajiitaje mhakiki wa chakula kama siwezi kusema ukweli juu ya sufuria ya mama yangu?

Mwenye Ulimi, Lyon


Somo anajibu

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya pili nikiwa na njaa, na hilo lilikuwa kosa. Ile quenelle imenikaa kichwani mpaka jioni.

Nikikuelewa vizuri, una kazi yenye mshahara na kibali ndani yake. Una mhariri aliyekufungulia mlango wa uani wakati wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa mbele. Una sahani moja ya samaki inayokusuta. Na una mama aliyenyamaza. Yote umeyafunga fundo moja ukaliita "niwe mhakiki au nisiwe". Mimi nayaona yanagusana, lakini sidhani kama ni fundo moja, na nina wasiwasi kwamba ukiyavuta kwa pamoja utakaza badala ya kufungua.

Niruhusu nianze na pilau, maana hata mimi nimeshika mwiko. Kabla ya safu hii niliuza chakula cha mchana kwa miaka sita. Siku moja dereva wa lori, mteja wangu wa kila siku, alinifuata mpaka kwenye karo la vyombo akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, maharage yako ya Jumatatu ni ya Jumapili." Ilikuwa kweli. Niliumwa na maneno yale wiki nzima. Lakini alinifuata kwenye karo. Hakusimama katikati ya meza. Na alikuwa amelipa.

Wewe kwenye ile harusi ulikuwa mwalikwa. Mgahawa umeandika bei mlangoni, umemwita mpita njia, na mpita njia ana haki ya kuambiwa kilichomo. Pilau ya harusi ya binamu haikumwita mtu wa Muscat. Hukuniambia hata kama mama alilipwa siku ile au alipika kwa udugu. Sisemi kwamba chakula cha nyumbani hakina makosa. Nauliza tu: hukumu ile ulikuwa unampa nani, na angeifanyia nini?

Halafu tazama ulivyotoka kwenye kipande kimoja cha nyama ukafika kwa "sisi watu wa pwani". Nyama ngumu ni habari ya sahani. Watu wa pwani ni habari nyingine, na hiyo hukuionja. Ng'ombe wa harusi ile alichinjwa saa ngapi? Kwenye shughuli nyingi ninazozijua anachinjwa asubuhi, jioni yuko kwenye sufuria. Nyama ya ng'ombe ikipita saa chache baada ya kuchinjwa hukakamaa, na huchukua siku nyingi mahali pa baridi kabla haijalegea. Mchinjaji wa Lyon anaitundika kwenye chumba cha baridi wiki moja, mbili, au zaidi. Mama yako hana chumba hicho. Ana mafiga na usiku mmoja. Kwa hiyo anaichemsha kwanza ilegee, na supu yake ndiyo anayopikia mchele. Huko unakoita kuua na kuzika kuna sababu, na mhakiki ndiye mtu wa kwanza anayetakiwa kuitafuta.

Na usiniambie Wafaransa hawachemshi nyama. Pot-au-feu yao, nyama ya ng'ombe ya kuchemshwa na mboga, hukaa motoni saa tatu nne, na ndani yake huwekwa kitunguu kizima kilichochomwa karafuu. Karafuu, mwanangu! Kitu cha Unguja, Pemba, Komoro na Madagaska. Zamani meza za matajiri wao zilijaa tangawizi, mdalasini na pilipili manga kuliko za kwetu. Ladha yao ilianza kuhamia kwenye siagi na mimea ya bustani katika karne ya 17, na kitabu cha mpishi La Varenne cha 1651 hutajwa sana katika habari hiyo. Kwa hiyo hicho unachokiita nyama kuzungumza ni desturi iliyozaliwa mahali fulani kwa sababu fulani, kama bizari za mama zilivyo desturi. Unaweza kuipenda, hata mimi nadhani ningeipenda. Ila usiifanye mizani ya kupimia sufuria zote.

Jambo jingine, na hili nimelifikiria sana. Mji unaokaa umejengewa jina na wanawake wanaofanana na mama yako. Wenyewe wanawaita "akina mama wa Lyon". Wengi walikuwa wapishi wa kuajiriwa katika nyumba za matajiri, wakatoka wakafungua vimeza vyao. Eugénie Brazier, aliyezaliwa 1895, alikuwa mtoto wa shamba aliyeanza maisha kama mtumishi. Mwaka 1921 alifungua mgahawa barabara ya Royale, na mwaka 1933 migahawa yake miwili ilipata nyota tatu kila mmoja, alama ya juu kabisa ya Michelin, ule mwongozo wa migahawa, nyota sita kwa mtu mmoja, hakuna aliyewahi kabla yake. Paul Bocuse mwenyewe, mpishi mashuhuri wa Lyon, alipita jikoni mwake akiwa kijana. Huna haja ya kuchagua kati ya Lyon na Ngamiani kwa namna unayoichagua. Na zile bouchon unazozililia zilikuwa za kulisha wafuma hariri na vibarua, watu waliokula utumbo kwa sababu minofu ilikwenda kwingine. Hivi ukirekodi juu ya utumbo wa Lyon unasema nini? Na supu ya utumbo ya Ngamiani je?

Sasa mhariri na viganja vyake. Nimeona "vyakula vya wageni" umeviwekea alama za kufungia. Naomba uniambie, hata kama ni moyoni tu: kinachouma ni kwamba umewekewa uzio, au ni kwamba ndani ya uzio unaona kuna chakula cha chini? La kwanza ni malalamiko ya haki kabisa. La pili ningelitazama mara mbili. Mama wa Kikomoro anayepika mataba hapo Lyon, majani ya muhogo na tui, kisamvu chetu kwa jina jingine, huenda hajawahi kuhukumiwa na mtu anayejua tui lililokatika linafananaje. Wewe unajua. Hatari yake nayo ipo: ukishaingia kwa mlango ule wanaweza kukusahau humo humo, na kila mwenye mgahawa mdogo atakuona ni ndugu aliyekuja kumsitiri. Yule wa bouchon yenye jina akiandikwa vibaya atanuna. Huyu wa mataba akiandikwa vibaya anaweza kufunga. Utamwandikaje?

Kuhusu nguruwe na mvinyo, nitasema lisilokufurahisha: mhariri ana nusu ya haki. Kama orodha ya bouchon ina sahani kumi na wewe unaweza kuonja nne, msomaji lazima aambiwe. Lakini nusu ya pili si yake. Muulize, kwa upole kama wake, kama mwandishi wake asiyestahimili pilipili huwa anakatazwa kwenda kwa Mwethiopia. Muulize pia ni nani anayemwandikia samaki, jibini, mikate na vitamutamu, maana Lyon ina hivyo vyote na havikuhitaji uvunje kitu. Ile jibini laini ya vitunguu na majani wanayoiita ubongo wa mfuma hariri inatosha makala nzima kwa jina lake tu, ila waulize kwanza kama wametia mvinyo, maana wengine hutia. Akikujibu vizuri umepata kazi. Akifungua viganja tena, basi utajua kwamba kikwazo hakikuwa nguruwe, na kujua hilo nako kunasaidia, japo kunauma.

Yule samaki. Mimi si sheikh, na hukumu yake kamuulize mwenye elimu unayemwamini. Ninachoweza kukusaidia ni kukuondolea ule udhuru wa moto. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishapima: chakula kilichotiwa pombe kikachemka dakika 15 hubaki na kama asilimia 40 yake, na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna kama asilimia 5. Mchuzi wa siagi haukai motoni muda huo. Lakini nadhani ulikuwa unajua, ndiyo maana ulisimama kwenye Isha na viatu. Sikugombezi. Nataka ukumbuke ile dakika kabla hujaagiza: ulikuwa unataka ladha, au ulikuwa unataka mhudumu asikuone mshamba? Nauliza kwa sababu majibu hayo mawili yanakwenda njia tofauti. Mtu anayetaka ladha anaweza kujiwekea mpaka na kuishi nao, akaandika wazi kwamba hiki sikukionja na hii ndiyo sababu. Anayetafuta kukubaliwa, kila mchuzi utamsogeza hatua, na waliomkubali hawatajua hata alilipa nini. Kuna na hatari ya upande wa pili pia, nimeiona kwa watu: aibu ya sahani moja inamfanya mtu atupe daftari zima.

Hesabu ni fani yako, nisikufundishe. Ila nilichukua kalamu hata hivyo. Euro 60 kwa makala: unahitaji makala ngapi kwa mwezi ulipe kodi, na utume Tanga? Na kama kibali chako ni cha mfanyakazi wa kuajiriwa, kuhamia kazi ya kujitegemea ni kuomba kubadilishiwa hali kwenye ofisi ya mkoa, si kuandika barua ya kuacha kazi na kesho kuamka mhakiki. Hata hizo makala chache za pembeni, muulize mwanasheria wa mambo ya wageni kabla hujatia saini, siyo rafiki aliyesikia kwa rafiki. Usione haya kuandika ukiwa na mshahara wa kwingine. Ule mwongozo wa Michelin wenyewe ulianza 1900 kama kijitabu cha bure cha wenye magari, kampuni ikitaka watu watembee wamalize matairi. Nyota zilikuja 1926. Naye Julia Child, Mmarekani aliyefika Ufaransa 1948 akapagawa na samaki mmoja wa siagi kama wewe na quenelle yako, aliingia shule ya upishi 1949 na kitabu chake cha mapishi ya Kifaransa kikatoka 1961. Hesabu miaka hiyo. Mhariri amekupa mwisho wa mwezi. Huo ni mwezi wake.

Ukiamua kuandika kwa Kifaransa, jua pia kwamba kauli nzuri huko ina bei. Mwaka 2014 mahakama ya Bordeaux ilimwamuru mwanamke aliyeandika juu ya mgahawa mmoja wa Cap-Ferret alipe fidia ya euro 1,500 na abadilishe kichwa cha makala, kwa sababu kichwa kiliwaambia watu kwamba hapo ni mahali pa kuepuka. "Ikafa, ikazikwa" ingekufikisha wapi, sijui.

Nimebakiza mama, nadhani kwa sababu hata wewe ulimbakiza mpaka karibu na mwisho, halafu ukamwandikia maneno mengi kuliko mhariri. Umeniambia amekasirika. Hapana, ngoja, nimerudi kuisoma: hukusema amekasirika. Umesema amenyamaza, na kifundo hakijafika. Umehesabu miezi, lakini sijaona mahali ulipouliza. Labda ameumia. Labda ameona aibu, si ya nyama, ya kuchekwa Makorora na watu aliowafundisha kupika. Labda amejisemea mwanangu siku hizi anakula samaki wa siagi, bizari zangu za nini. Labda hajapata msafiri. Ukimya wa mama una mambo mengi ndani, na wewe umechagua lile linalokupiga.

Unaweza kumwomba radhi bila kufuta kwamba nyama ilikuwa ngumu. Hayo mawili yanakaa mdomo mmoja, japo si kwa sentensi moja. Unaweza kurekodi upya mbele ya wale wale waliocheka, lakini hapo fikiri sana, maana utakuwa umemtoa tena uwanjani bila kumuuliza, na wengine watacheka mara ya pili. Unaweza kutosema lolote la Novemba, ukamuuliza tu kwa nini nyama huanza kuchemshwa, anaipima vipi supu ya kilo arobaini, moto wa juu ya mfuniko anaupalia saa ngapi. Huenda akakueleza saa nzima. Huenda akasema sawa mwanangu. Mimi simjui, wewe ndiye uliyekulia kwenye moshi wake.

Ila ukipiga, Jumamosi usipige, atakuwa kwenye mafiga. Jaribu Jumatatu, saa tatu asubuhi ya Tanga, kwako sasa ni saa mbili, kabla hujaingia kazini. Jumatatu wapishi wa shughuli wanakuwa wamekaa uani, wanaanika masufuria.